Herufi Tatu kwenye Rejeta

Issa alinipigia simu asubuhi nikiwa napepeta mchele. Hakusalimia. "Dada Somoe," alisema, "Mzee Nachunga hatunaye tena." Nikauweka ungo chini. Siku hiyohiyo nilipanda kutoka Masasi kwenda Newala, na barabara ya siku hizi ilinifikisha juu ya uwanda kabla sijajua nitamlilia vipi. Tulimzika alasiri. Watu waliporudi kukaa mikekani, mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, kwenye gereji yake, mahali ambapo mafuta machafu yameloweka mchanga miaka mingi hata nyasi zimekata tamaa ya kuota. Gari dogo jeupe lilikuwa limeachwa boneti wazi chini ya bati. Juu ya kiboksi cheusi kando ya betri, mkono wa mzee, ambao siku za mwisho ulikuwa unatetemeka, ulikuwa umechora kwa chaki alama ya kuuliza. Kubwa, imepinda kidogo kushoto. Pale ndipo machozi yalipokuja. Vijana wa gereji walidhani ni mazoea ya uzee tu, kuchorachora magari ya watu. Mimi nilijua alama ile ilizaliwa wapi. Ilizaliwa kwenye rejeta ya lori, mwaka niliokuwa na miaka kumi na saba.

Habari za baba na mama sitazieleza hapa. Inatosha kusema mama alimfuata baba baada ya miezi mitano, na kwamba siku ya arobaini yake nilikunja sare yangu ya kidato cha pili nikaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga zake. Tulibaki watatu: mimi, Issa wa miaka kumi na mmoja, na Hawa wa miaka sita. Mjomba Bakari, kaka yake mama, alikuwa amekuja kutoka Lupaso. Kwetu watoto ni wa mjomba. Neno lake likishatoka limetoka. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, akiwa na kanzu yake na tasbihi yake, akasema amepanga Issa aende naye Lupaso akalime, na Hawa apelekwe kwa mama mdogo Chiwata. Mimi nikaolewe. Nilipiga magoti mbele yake. Nikasema mama aliwaacha mikononi mwangu, si barabarani. Alinitazama muda mrefu, na nadhani alimwona dada yake usoni pangu, kwa sababu alishusha pumzi. "Nakupa mpaka msimu wa korosho uishe," alisema. "Nikija nikakuta watoto wamekonda, au nikasikia jambo lolote, nawachukua siku hiyohiyo. Usije ukanililia tena." Tangu siku hiyo nilikuwa naamka na sentensi hiyo na kulala nayo.

Chumba chetu kilikuwa kimoja, kuta za udongo, kitanda kimoja cha kamba tulicholala watatu kimapana. Kona ya kulia kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, umefunikwa kwa kifuu na sahani. Mtu ambaye hajaishi juu ya uwanda ule miaka hiyo hawezi kujua mtungi ule ulikuwa nini kwetu. Maji yalikuwa chini, bondeni, na wanawake walikuwa wanaondoka kabla ya jua na kurudi jua likiwa utosini, shingo zimezama mabegani. Kwa hiyo hakuna tone lililomwagwa. Maji ya kuoshea mchele yalipikiwa uji, ya kuoshea vyombo alipewa mbuzi, ya kuogea mtoto yalikandikiwa ukuta. Na maji ya rejeta yalikuwa na desturi yake. Gari likifunguliwa gereji, fundi hakuyamwaga. Aliyakinga kwenye debe na kumpa mtu kama heshima, leo mjane huyu, kesho mzee yule. Yalikuwa na kutu, yalitosha kufulia. Watu walishukuru kwa mikono miwili.

Mimi gereji nilifika na sufuria. Nilikuwa nauza uji asubuhi na ming'oko ya kuchemsha mchana, ile mizizi myembamba ya porini ambayo ukiitafuna na chumvi hujui umeshiba saa ngapi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Zamani malori yaliyopanda Newala yalikuwa ya Kiingereza, mazito, yenye injini ambayo Mzee Nachunga aliijua kwa kusikiliza tu, ameweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni. Sasa wanunuzi binafsi wa korosho walianza kuja na magari ya Kijapani yaliyotumika, yametoka bandarini na maandishi yao, na boneti ikifunguliwa unakuta karatasi zimebandikwa kila mahali, mishale na mirija na herufi. Mafundi walizichukia. Kitu wasichokijua walikikata, na mrija usiokuwa na kazi inayoonekana waliuziba kwa bolti. Fyuzi ikiungua waliweka waya. Thamostati, kile kidhibiti cha joto la injini, waliitoa siku gari linapofika, wakisema Newala haina baridi.

Siku iliyonibadilisha kulikuwa na lori la Likwembe, dereva mmoja mnene aliyekuwa anapenda kula na kupenda zaidi kucheka watu. Betri ilikuwa haichaji. Walishatoa altaneta mara mbili na kuirudisha. Nilikuwa namwekea uji, kifuniko cha kasha la fyuzi kiko chini karibu na mguu wangu, nikasoma. Nikasema taratibu, "Mzee, hapa wameandika CHG. Si itakuwa ya chaji?" Likwembe akacheka hadi uji ukamwagika. "Haya, mama ntilie kawa injinia! Tusomee na pilau basi!" Mzee Nachunga hakucheka. Alichomoa fyuzi ile, akaiinua juani. Waya wa ndani ulikuwa umekatika. Alipoweka nyingine, taa ya dashibodi iliwaka kama inavyotakiwa na kuzimika injini ilipowaka. Akanigeukia. "Umesoma mpaka wapi, binti?" Nikamwambia kidato cha pili. "Weka sufuria," alisema. "Kesho njoo na daftari."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo haikuwa na jina. Mzee alikuwa na kitabu kinene cha ufundi cha Kiingereza alichoachiwa na mtu mmoja aliyehama, na mwanzoni mwa kitabu kulikuwa na kurasa za vifupisho. Nilikaa juu ya tairi mchana mafundi wakila, kamusi pajani, nikinakili. TDC: pistoni ikiwa juu kabisa. IGN: moto wa kuwashia. ACC: redio na vikorokoro. ALT, altaneta. EGR: mrija unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini uunguzwe tena, hewa ya nje isichafuke. Nilipowaeleza hii ya mwisho Likwembe alipiga paja. "Yaani Mjapani anakula matapishi yake? Zibeni, zibeni!" Lakini Mzee akasema wasiuzibe tena mpaka tuelewe vizuri. Alianza kuniita Mwalimu. Alinipa mshahara wa kila wiki, kidogo lakini wa kweli, na Hawa akaanza kupata maziwa, na Issa akapata daftari la shule. Mashavu ya Hawa yalijaa. Nilikuwa nayagusa asubuhi kabla hajaamka, kama mtu anayepapasa matunda kujua yameiva.

Ila kitabu kile kilikuwa na ugonjwa. Mchwa walikuwa wamekiingia sandukuni, wakala kurasa mbili za vifupisho, kuanzia herufi L hadi P. PCV, vali ya kutoa moshi wa ndani ya injini, niliijua kwa kubahatisha kutoka kwenye michoro. Nyingine niliziandika daftarini na mbele yake nikaacha nafasi. Mwanzoni nilisema wazi, "Hii sijui, Mzee." Akajibu, "Basi." Lakini siku moja nilisikia maneno. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti nikiosha vikombe, na Likwembe alikuwa anamwambia Mzee: "Huyu mtoto unamlipa wa nini? Nusu anajua, nusu hajui. Hata mimi nusu najua. Nilipe basi mimi." Wakacheka. Mzee pia alicheka kidogo. Kicheko kile kidogo kilinitia hofu kuliko maneno ya Likwembe. Niliwaza mashavu ya Hawa. Niliwaza kanzu nyeupe mlangoni. Tangu siku ile sikusema tena "sijui". Nilianza kujaza zile nafasi kwa akili yangu, na kwa kuwa nyingi nilibahatisha sawasawa, nikajizoesha kuamini kwamba kubahatisha ndiyo kujua.

Msimu ulikuwa unaishia. Mikorosho ilikuwa imebakiza mabibo machache yanayooza chini, na kijiji kizima kilinuka utamu uliochacha. Lori la Likwembe lilirudi gereji kubadilishwa pampu ya maji. Lilikuwa lake jipya, alilolinunua msimu ule kwa mtu wa Dar es Salaam. Mzee alifungua bomba la chini la rejeta, na yakatoka maji ambayo hatukuwahi kuyaona: kijani kibichi, yanang'aa kama majani ya muhogo baada ya mvua. Mafundi wakasogea. Juu ya rejeta kulikuwa na kibandiko chenye maandishi ya Kijapani na herufi tatu tu tulizoweza kusoma: LLC. "Mwalimu," Mzee aliita, "hii inasemaje?" Kila mtu aligeuka kunitazama, na Likwembe alikuwa ameshaanza kutabasamu. Nikafungua daftari kama mtu anayetafuta. Mahali pa LLC palikuwa peupe. Nikasema, "L ya low, L ya level, C ya cap. Kwamba maji yasijazwe mpaka kwenye kifuniko, yaachwe chini kidogo." Ilitoka vizuri. Hata mimi niliipenda. Mzee akaitikia kwa kichwa akiridhika. "Na rangi?" Likwembe aliuliza. Mzee alimjibu yeye mwenyewe: "Rangi ni ili uone yanapovuja. Wenzetu wana akili." Yakakingwa debe moja na nusu. Mzee akaninyooshea debe. "Leo ni zamu yako, Mwalimu. Kafulie nguo za wadogo zako." Nilipokea kwa mikono miwili. Nilikwenda nalo kichwani, nikajiona nimependelewa. Niliandika maana yangu daftarini kwa kalamu ya wino.

Kesho yake asubuhi Mjomba Bakari alifika. Debe lilikuwa kona ya kushoto, nimelifunika kwa ungo. Niliwaambia watoto ni ya kufulia. Nilimwandalia mjomba chai ya tangawizi na ming'oko na kisamvu nilichokiunga kwa korosho za kutwanga, chakula nilichokiwekea akiba wiki nzima. Alikula akamaliza. Alimwita Issa akamsomesha aya kutoka daftari lake la shule. Alimwita Hawa akamshika mkono, akaugeuza kama mtu anayepima nguo. Hawa akacheka akakimbilia ndani. Mjomba akanawa vidole. "Somoe," alisema, na sauti yake ilikuwa laini ajabu, "nilikuja na nia nyingine. Lakini wamenenepa. Dada yangu angekuwepo angefurahi." Naikumbuka nuru ya mlangoni wakati ule, jinsi ilivyokuwa nyeupe, na nzi mmoja kwenye ukingo wa sahani. Hayo yalikuwa maneno niliyoyasubiri msimu mzima, na nilikaa nayo kwa muda usiotosha hata kukunja mkeka.

Hawa alitoka ndani akitembea upande upande. Alishika fremu ya mlango, akaikosa, akaketi chini akicheka. Kisha akatapika. Mjomba alisimama. "Mtoto huyu kalewa," alisema. "Somoe! Mnampa uraka humu ndani?" Uraka ni pombe ya mabibo, na siku zile hakukuwa na nyumba ambayo haikunuka. Nikasema, "Wallahi, Mjomba, hapana." Issa aliingia ndani akatoka na kikombe cha bati. "Amekunywa ya debe," alisema. "Kaniambia ni matamu. Nimemwambia aache." Chini ya kikombe palikuwa na kijani. Majirani walishaanza kujaa. Mtu alikwenda kumwita Mzee Nachunga, naye alikuja mbio na spana bado mkononi, akakitazama kikombe, akasema, "Maji ya rejeta hayajaua mtu Newala. Rangi tu hiyo. Tafuteni kingine, labda ni malaria ya kichwa." Watu walimsadiki, kwa sababu yeye alikuwa Mzee Nachunga. Na yeye alisadiki kwa sababu yangu.

Mhudumu wa zahanati ya jirani alimtazama mara moja akasema ashushwe Masasi kwa daktari. Lori la Likwembe ndilo lililokuwa tayari, pampu mpya, rejeta imejazwa maji ya kawaida. Mbele tulikaa Likwembe, mjomba na mimi nimempakata Hawa. Nyuma, juu ya magunia matupu, Mzee na Issa. Barabara ile siku zile ilikuwa mawe na mchanga mwekundu, na mahali inapoteremka kutoka uwandani inakunja na kukunja tena, upande mmoja mlima na upande mmoja hakuna kitu. Likwembe hakufanya mzaha hata mara moja. Alikuwa anasema tu, "Mshike kichwa, mdogo wangu, mshike kichwa." Hawa alikuwa amelegea. Alianza kupumua haraka na kwa kina, kama mtu aliyepanda kilima na ndoo. Mjomba alikuwa anasoma dua upande wa sikio langu. Na mimi nilikuwa na neno moja kinywani. Kila kona niliapa kwamba kona ijayo nitalisema: kwamba ile LLC sijui ni nini, kwamba nilitunga, kwamba huenda si maji. Kila kona niliiona kanzu nyeupe kando yangu, nikameza. Nilijiambia kwamba kusema barabarani hakutasaidia, kwamba nikisema nitampoteza mara mbili. Nimezeeka sasa na nimefanya makosa mengi, lakini saa mbili zile ndizo nitakazoulizwa Siku ya Kiyama.

Daktari alikuwa mzee mwembamba, miwani yake mguu mmoja umefungwa kwa uzi. Alimnusa Hawa mdomoni. "Amelewa lakini hanuki pombe," alisema. "Amekunywa nini?" Mjomba alitaja uraka. Issa alisema maji ya rejeta. Daktari akainua kichwa. "Rejeta? Rangi gani?" Nikasema kijani. "Matamu?" Nikasema alisema matamu. Alivua miwani. Akauliza kama kulikuwa na maandishi, na Mzee Nachunga, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akiwa amevua kofia kwa heshima, akajibu kabla yangu. "Yapo, dokta. LLC. Ni kiwango cha maji tu, yasifike kwenye kifuniko. Binti huyu amesoma, ndiye ananisomea." Alisema kwa fahari. Mpaka leo naisikia ile fahari. Daktari alinigeukia. "Una hakika, binti? Nisikilize vizuri. Nilisoma nchi za baridi. Kule maji hugandia ndani ya injini, kwa hiyo huweka dawa fulani tamu kwenye rejeta, na mbwa wakiiramba hufa. Kama ni hiyo, dawa yake ni pombe kali, nimpe sasa hivi. Kama si hiyo, nikimpa pombe mtoto wa umri huu katika hali hii nitamuua mimi. Umesoma mahali kwamba ni kiwango cha maji?"

Chumba kilikuwa kidogo. Mjomba alikuwa kulia kwangu, Mzee kushoto. Hawa alikuwa anavuta pumzi kitandani kama msumeno. Nikasema, "Sijasoma mahali. Kurasa zililiwa na mchwa. Nilitunga."

Mzee Nachunga alitazama kofia yake mikononi. "Ulitunga," mjomba alirudia, kama anaijaribu ladha ya neno. Daktari hakuwa na muda wa aibu yangu. "Vizuri," alisema, na ndilo neno jema pekee nililolisikia siku ile. Alikwenda ofisini, akarudi na kitabu amekibana kidole, akauliza nani anajua pa kupata gongo safi, lililopikwa, siyo uraka. Spiriti ya hospitali ya kusafishia vidonda ilikuwa na dawa nyingine ndani yake, haifai kunywewa. Likwembe alifungua mdomo. Lakini mjomba, mtu ambaye hakuwahi kukaa hata kwenye kivuli cha kilabu, alishavaa viatu. "Nipeleke," alimwambia Likwembe. "Wewe unazijua nyumba zao."

Walikwenda Lisekese, pembeni ya mji. Likwembe ndiye aliyenisimulia baadaye, maana mjomba hakulitaja kamwe. Mama mpika gongo alipomwona amesimama uani na kanzu na kofia alipiga kigelegele. "Ustaadhi! Leo na wewe umeshindwa? Karibu, kiti cha imamu kipo!" Wanywaji wakashangilia. Mjomba aliwasubiri wamalize kucheka. Kisha akasema, "Shangazi, nina mtoto anakufa. Nipe lile la kwanza kutoka, lile linalowaka moto." Yule mama aliingia ndani, akatoka na chupa, akakataa kupokea chochote. Mjomba aliileta ndani ya kanzu, imegusana na kifua chake. Daktari alilimwaga kidogo kwenye kijiko akaliwasha kiberiti, likawaka bluu. Akalipima kwa bomba la sindano, akalichanganya na maji ya sukari, na kulipitisha kwenye mpira mwembamba puani mwa Hawa, kidogo kila saa. Alituambia kazi yetu ni moja: kutazama kama atakojoa.

Siku tatu hakukojoa kitu cha kuonekana. Uso ulivimba mpaka yale mashavu niliyoyalea hayakuwa yake tena. Wodini kulikuwa na mama mmoja kitanda cha pili aliyekuwa anatugawia uji wake, na kila alipouliza, "Mdogo wako amefanyaje?" nilijibu kwamba alikunywa kitu nilichokileta mimi. Sikutaka kusema jingine. Mzee Nachunga alirudi Newala siku ya kwanza bila kuniaga. Mjomba alibaki. Alilala barazani kwenye mkeka, aliswali, aliniletea mihogo ya kuchoma, na hakusema nami ila, "Kula." Siku ya nne asubuhi Issa alitoka wodini akikimbia, analia na kucheka, amelowa mbele ya kaptula. Hawa alikuwa amemkojolea. Mjomba alishika ukuta. Ndipo nikajua na yeye alikuwa amebeba kitu siku zote zile.

Wiki ya pili daktari alituruhusu. Mjomba alinikalisha kwenye ngazi za hospitali. "Si kwa ajili ya debe," alisema. "Debe lingeweza kuwa nyumbani kwangu. Ni kwa sababu tulikaa saa mbili kwenye gari ukiwa unajua kwamba hujui, na ukanyamaza. Ulinyamaza kwa sababu yangu. Nimelifikiria hilo kila siku hapa. Mtoto hawezi kukaa kwenye nyumba ambamo mkubwa anaogopa kiasi hicho." Nilimwambia, "Shikamoo, Mjomba." Sijui kwa nini nilisema hivyo, ilikuwa kama kumwomba msamaha na kumuaga papo hapo. Alijibu "Marahaba, mwanangu." Akawachukua wote wawili Lupaso, hakuwatenganisha. Hilo tu ndilo nililolipata kati ya yote niliyoyapigania, kwamba walikwenda pamoja. Issa hakunitazama. Hawa alitaka nimfunge kilemba, nikamfunga.

Nilirudi Newala peke yangu kuchukua sufuria zangu gereji. Mzee Nachunga alikuwa chini ya gari. Nikaweka daftari juu ya tairi, nikasema nimekuja kuaga. Hakutoka. Miguu yake miwili ikasema kutoka chini: "Siku ile nilimjibu daktari kabla yako. Na rangi nilitunga mimi, hakuna aliyeniambia ni ya kuonea panapovuja. Nani alianza kutunga hapa?" Akatoka, akajifuta mikono kwa muda mrefu, akaingia stoo akarudi na kipande cha chaki cha kupimia mbao. Akaenda kwenye gari lililokuwa wazi, akatafuta kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekijua, kikopo cha bati chenye mirija mitatu, na akakichora alama ya kuuliza. "Kuanzia leo," alisema, "kisichojulikana kinapigwa hii. Hakikatwi, hakizibwi, hakitungiwi. Mwenye gari asubiri mpaka tuulize. Anayechora hii halipwi pungufu." Likwembe alikuwepo, anakula. Hakucheka. Maji ya rejeta nayo yalianza kumwagwa shimoni siku ile, na wanawake waliopita wakatulaani kwa kumwaga maji. Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwamba LLC ni long life coolant, ile dawa tamu aliyoitaja daktari.

Nilichora chaki ile mwaka mzima. Kila Ijumaa ya pili nilishuka Masasi kwa lori na kudandia jingine hadi Lupaso, nikakaa na wadogo zangu mpaka jua lipinde, nikarudi. Msimu mwingine wa korosho ulipoisha, mjomba aliniuliza swali moja tu barazani kwake: kile kikopo chenye mirija mitatu ni nini. Inaelekea Likwembe alikuwa akimpelekea habari. Nikamjibu, "Bado sijui, Mjomba. Nimemwandikia barua mtu Mtwara, hajajibu." Akaita ndani, "Issa! Hawa! Fungeni mizigo."

Jana mazishini Hawa alikuja na binti yake mkubwa. Alinikuta gerejini mbele ya lile gari jeupe, akasimama kando yangu, na figo zake zilizoumizwa na debe lile, ambazo bado zinamtuma kliniki kila mwezi. Kijana mmoja wa gereji akaja na kitambaa, akataka kufuta chaki ili gari lionekane safi mbele ya wageni. Nilimshika mkono. Nilimuuliza kama anajua kile kiboksi ni nini. Alinitazama, akatazama wenzake, akafungua mdomo kwa ujasiri uleule ninaoufahamu.

"Acha," nikamwambia. "Kama hujui, usifute."